Ulishika Miguu ya Mbuzi

Mwanangu Priska,

Shuka zako ziko juu ya kasha. Mafuta ya nazi nimeyatia chupani na kizibo nimekikaza kwa kitambaa. Baridi ya huko bara nimeshakusemea mpaka masikio yako yameota sugu, kwa hivyo hayo siyarudii. Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe. Kila nikifungua mdomo napiga kelele, nawe kila nikipiga kelele unainama kulikunja gauni lile lile ulilokwisha kulikunja. Baba yako ameniambia, "Mama Priska, mwache mtoto asafiri kwa amani." Nikamwambia, amani si kitu cha kutiliwa sandukuni na mtu mwingine. Akaguna, akaenda zake kulala. Mimi nikatafuta kalamu.

Usije ukadhani nimeandika kwa kuwa nimepoa. Sijapoa hata kidogo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome alfajiri kabla hujavaa viatu.

Jumapili iliyopita Mwinjilisti Zakaria alisimama mbele akasema, "Binti yetu Priska anakwenda kusomea ualimu, apate kuwafundisha watoto Neno la Mungu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika ukingo wa benchi nisije nikasimama. Kufundisha watoto! Wewe! Na wale waliokuwa wakija kwangu, mkeka ukajaa mpaka wengine wakakaa juu ya makumbi ya nazi, wako wapi leo? Hebu keti kitako unisikilize. Mengi ya haya unayajua, lakini nitayasema tena, maana inaonekana yamekutoka.

Mimi nimezaliwa Rabai, na Neno la Mungu nilitiwa kwa ufito. Ukikosea aya, kiganja. Nilipokuja huku na baba yako, alipopata kazi kwenye kiwanda cha sukari Ramisi, wazee wa kanisa wakanipa watoto kwa sababu hakuna aliyewataka. Walikuwa wakipiga makelele watu wazima wakisali. Nami nikafanya nilivyofanyiwa, nikachuma ufito. Nikawafundisha mfano wa mpanzi, wakaukariri kama maji. Siku moja nikamwuliza mtoto wa mkata miwa mmoja, hodari kuliko wenziwe wote, "Haya niambie, zile mbegu zilizoanguka penye miba zilipatwa na nini?" Akanyoosha kiganja. Hakujibu, Priska. Alidhani swali ndilo kipigo chenyewe, basi akakitoa kiganja mapema akafumba macho. Hata leo nikimkumbuka nasikia joto usoni.

Ule ufito niliutia jikoni ukaivisha maharage. Jumapili iliyofuata nikachukua mtama kwenye ungo nikawatoa watoto nyuma ya kanisa, nikawaambia watupe wenyewe: njiani, juu ya matumbawe, kichakani penye miba, na pale nilipokuwa nimelima. Kabla sijamaliza kusema kwamba ndege walikuja wakala, kuku wa Babu Salimu walivuka ua wakaanza kudonoa zile za njiani. Watoto walicheka mpaka wakagaagaa. Babu Salimu akaja mbio, kanzu ameikamata mkononi. "Samahani, mama, samahani. Kuku hawa hawana adabu."

"Waache, mzee," nikamwambia. "Hao ndio somo."

Akasimama akatazama. Akauliza, "Na hizi za kwenye mawe?" Nikamwambia arudi baada ya siku chache ajionee. Akarudi kweli. Akaziona zilivyochipua zikanyauka, akatikisa kichwa. "Wallahi kweli," akasema. Jirani yetu tangu tuhamie, na siku ile ndiyo tulianza kuzungumza.

Ndipo wajukuu wake wakaanza kuja, na watoto wa majirani wengine. Hakuna aliyewaita. Walisikia kicheko tu. Nikaenda mwenyewe kwa mkewe, Bi Mwanasha, nisije nikaambiwa naiba watoto wa watu. Akaniuliza, "Unawabatiza?" Nikamwambia, "La, bibi. Wanafinyanga udongo na kusikia habari za mitume." Akafikiri. "Nuhu tunaye, Ibrahimu tunaye, Yusufu tunaye. Wacha wafinyange. Lakini saa ya kwenda kusoma Kurani ikifika, unanirudishia." Na sikuchelewa hata siku moja kuwarudisha. Kama Yusufu alikuwa bado yumo kisimani, basi alibaki kisimani mpaka Jumapili ya pili.

Wewe ulikulia katika mkeka ule. Ulifinyanga ndugu wa Yusufu wote, ukawatia pua kubwa. Ulikwenda nasi ufuoni Msambweni tukajenga nyumba mbili, moja mchangani na moja juu ya mwamba, tukangoja maji yajae. Yalipoichukua ya mchangani ulilia, ukasema tuwahurumie waliokuwa ndani. Nikajisemea moyoni, huyu atakuwa mwalimu. Sasa unakwenda kuwa mwalimu, na mimi nimekaa hapa nasaga meno.

Nije kwenye karamu.

Unajua jinsi ninavyofundisha mfano ule wa mtu aliyeandaa karamu kubwa, wale aliowaalika wakaleta udhuru. Mmoja kanunua shamba, mwingine kanunua ng'ombe, wa tatu ana mke mpya. Mwenye karamu akakasirika akaita watu wa njiani, maskini, vipofu na viwete. Nilisema toka mwanzo, somo hili haliwezi kufundishwa kwa maneno. Mtoto hajui karamu mpaka apalie moto, aende kualika, apakue, na mgeni amwambie ahsante. Kwa hivyo kila mwaka baada ya sadaka ya mavuno tunabakiwa na mbuzi, na mbuzi huyo ni wa watoto. Kila mmoja huleta kibaba cha mchele au nazi, na kabla ya kula huigiza mmoja wa watu wa mfano ule. Huenda kualika kwa mdomo, nyumba hadi nyumba, kama watu wanavyoalika harusi. Masinia na sufuria kubwa naazima kwa Bi Mwanasha. Na Babu Salimu ndiye anayechinja.

Huku pwani mwenye karamu haulizi nani ana kisu kikali. Anauliza nani akichinja watu wote watakula. Mkristo akitaka jirani yake Mwislamu ashike sinia moja naye, humwita Mwislamu amchinjie. Si woga, wala si kuikana imani. Ni sawa na kumwachia mgeni mahali pasipo na moshi. Mama yangu alifanya hivyo Rabai, na mama yake kabla yake, na sikuona hata mmoja wao aliyekosa mbingu kwa ajili ya mbuzi.

Usifikiri mimi sikukosea katika karamu ile. Nilikosea vibaya, na miaka mingi. Bi Mwanasha alinijia siku moja, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za watu wote mpaka kuku, kisha akasema, "Mama Priska, nina neno. Mjukuu wangu Mbwana kila mwaka ni kipofu. Macho yake yana nini?"

Sikuelewa.

"Mwaka wa kwanza alikuwa kipofu. Wa pili, kiwete. Mwaka huu kipofu tena. Na dada yake ni maskini wa njiani. Watoto wa kanisani ndio wenye nyumba, wangu ndio wa kuokotwa. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, macho yake yana nini?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyejisifu kwamba nafundisha kwa mikono na si kwa fimbo, nilikuwa nimewachapa watoto wa watu kwa mchezo, mwaka baada ya mwaka, wakicheka, na mimi nikicheka. Sikuwa nimekusudia. Lakini mtoto aliyefanywa kipofu hajui habari za kusudi lako. Karamu iliyofuata Mbwana akawa mwenye nyumba. Alivaa kanzu yake ya Idi akasimama mlangoni mwa kanisa akiwakaribisha watu kama liwali, "Karibuni, karibuni, nyama bado iko." Na mimi nikajifunga kitambaa machoni nikaongozwa kwa mkono. Bi Mwanasha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Wewe ndiye uliyeniongoza, Priska, ukanigongesha makusudi kwenye nguzo.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alipokuja Mwinjilisti Zakaria na chepeo lake pana kichwani.

Simchukii kwa kuwa ametoka bara. Wakata miwa wote wametoka bara na ndio waliojenga kanisa hili. Simpendi kwa sababu alifika akaona kila kitu kina kasoro kabla hajauliza kinaitwaje. Kwenye kikao akasema mbuzi aliyetolewa sadaka kwa Bwana hawezi kuchinjwa kwa dua ya watu wengine. Nikamwambia, "Basi tusichinje. Tupike maharage ya nazi, watu wote wale." Akasema, "Tutaona, mama." Wazee wakatazama miguu yao. Na mimi nikanyamaza.

Hapo ndipo ninapojikasirikia mwenyewe, na wewe usome vizuri. Sikunyamaza kwa kuwa nilimwamini. Nilijua "tutaona" ya mtu yule ina maana gani. Nilinyamaza kwa sababu wiki ile alikuwa hajakuandikia ile barua ya kukusifia chuoni, na mimi niliitaka ile barua kama ulivyoitaka wewe. Nilijiambia mambo ya mbuzi yatajipanga yenyewe. Yatajipanga! Kama vyombo vinavyojiosha!

Siku ya karamu nilikuwa kwa Bi Mwanasha tukihesabu masinia. Wewe nilikutuma umpe mbuzi maji nyuma ya kanisa. Nilipofika na masinia kichwani, nikakutana na Babu Salimu mlangoni, amevaa kanzu safi, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa cheupe kama kila mwaka. Akauliza, "Mbuzi wangu yuko wapi?" Nami nikainua macho nikaona nyama imeshakatwa, iko kwenye karai.

Wewe ulijibu kabla yangu. Ulijibu upesi, na kwa adabu zote, "Shikamoo, Babu. Ameshachinjwa. Alipita Hamisi, yule wa kiwandani anayefanya kazi na baba, akatusaidia. Tuliona tusikuchoshe."

Khaa! Hata Hamisi wa watu, ambaye siku ile alikuwa zamu na hana habari, ukamtia uongoni.

Babu Salimu akatabasamu. "Marahaba, mwanangu. Mungu amjazi kheri Hamisi. Mimi mgongo kweli unanisumbua." Akalikaza fundo la kitambaa cha kisu chake. Wewe ukamwekea kiti. Chakula kilipoiva ukachukua sinia kubwa ukaenda kumpakulia Bi Mwanasha kwa mkono wako, ukamchagulia minofu. Na mimi, mjinga wa mwisho, nilikutazama nikamwambia mama mwenzangu, "Tazama binti yangu anavyojua kupokea wageni."

Nilikusifu, Priska.

Jumapili iliyofuata nikawapa watoto udongo kama ilivyo kawaida yangu, nikawaambia kila mmoja afinyange kitu alichokiona siku ya karamu. Wengi walifinyanga masinia. Mmoja alifinyanga tumbo lake. Yona, yule mdogo wa mkata miwa, ambaye huamkia kanisani kabla ya jogoo kwa sababu kwao hakuna wa kumzuia, alikaa pembeni akafinyanga kimya kimya. Nikaenda kumtazama. Amefinyanga mbuzi amelazwa. Amefinyanga mtu ameinama na kisu, na juu ya kichwa cha mtu yule amebandika kitu kipana kama kifuniko cha chungu.

"Hiki nini, Yona?"

"Chepeo."

Watoto wakakusanyika. Mbwana alikuwa karibu yangu, bega lake limenigusa. Nikaona kuna mtu wa tatu, mwembamba, ana gauni, amepiga magoti. Nilitaka kunyamaza tena. Ulimi ukanitangulia.

"Na huyu anayeshika miguu?"

"Dada Priska," akasema Yona, na akainua kichwa ili nimsifu, maana alikuwa amekufinyanga vizuri. Hata nywele zako alizisuka kwa kijiti.

Wewe ulikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya kunawia, na nilikuona uso wako, na nikajua. Mbwana akaenda kwenye ndoo yako, akanawa udongo mikononi polepole, kidole kwa kidole, akajifuta kwenye shuka yake akaenda kwao. Hajarudi. Dada yake hajarudi. Wale wengine nao hawajarudi. Wakipita kwenda kusoma Kurani, vibao kwapani, wanatazama upande wa pili wa njia.

Jioni yake Bi Mwanasha akaja kuchukua masinia yake. Nilikuwa nimeyaosha. Aliyachukua yale yale akayasugua tena kwa jivu mbele ya macho yangu, mara nyingi, wala hakuwa na haraka. Kisha akanipa sahani yangu ile ya maua ya buluu niliyompelekea minofu kesho yake ya karamu. Ilikuwa tupu. Wewe umezaliwa huku, unajua. Tangu akupokee mikononi mwake usiku uliozaliwa, sahani haijapata kuvuka ua huu ikarudi tupu. Hata miaka ya njaa ilirudi na limau moja. Watu husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe hukumtukana mkunga wako. Ulimpakulia.

Babu Salimu hakuja siku ile. Alikuja baadaye, akasimama uani, akakataa kiti. Nikaanza kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono. "Mama Priska, yule mwenye chepeo simjui. Ni mgeni, hajui nyumba za watu, Mungu atamfundisha. Nyama nayo imekwisha kupita, na mimi sikujua, Mola wangu ananiona. Kinachoniuma ni yule mtoto. Nilimwuliza, akanijibu. Akaniwekea na kiti." Akageuka akaenda zake. Alikuwa akitembea kama mtu aliyekwisha kuzeeka njiani.

Na wewe ulipoulizwa ukasemaje? "Nyama ni nyama, mama." Nilikuzaba kofi. Sijakuzaba kofi tangu ungali mdogo, na sijutii, au najuta kidogo, sijui. Kisha ukasema neno la kweli, la pekee ulilosema katika habari hii yote. Ulisema, "Niliogopa hataniandikia barua."

Mwanangu, hilo nalifahamu kuliko unavyodhani. Nimeshakwambia mimi pia niliogopa. Tulikuwa wawili, na woga wetu ulikuwa mmoja. Lakini sikiliza tofauti yake, maana utakwenda nayo huko bara na huko wenye machepeo ni wengi. Mimi nilinyamaza, na hilo ni kosa, na nimelilipia kwa kusimama mbele ya watu niwaombe radhi uso ukiwaka. Wewe ulimchukua mtu anayekuamini, ukamlisha kwa tabasamu kitu asichokitaka, ukangoja aseme ahsante. Kama ungemwambia tu, "Babu, Mwinjilisti amechinja mwenyewe," angechukua kisu chake akaondoka. Tungeaibika, tungepika maharage, na barua labda ungeikosa. Lakini leo Mbwana angekuwa kwenye mkeka.

Huko chuoni watakufundisha picha za kubandika ukutani, nyimbo za vitendo, na sijui nini. Jifunze vyote. Mimi sikuvipata. Lakini somo la watoto si ule udongo, na si ule mtama. Mtoto anautazama mkono wa mwalimu. Anautazama ukiwa umeshika chaki na anautazama ukiwa umeshika miguu ya mbuzi, na hachagui kipi akumbuke. Yona hakukuchongea. Alifinyanga alichofundishwa. Ukiwapa watoto udongo siku moja ukahisi unaogopa watakachofinyanga, acha kufundisha, rudi nyumbani, tutalima mihogo.

Nilikwenda kwa Bi Mwanasha mara ya pili, peke yangu. Akanikaribisha ndani, si barazani. Akaniambia, "Wewe nishakusamehe, hukujua. Mwenye neno lake si wewe. Mlete aliyetupakulia, tumsikie. Sina zaidi."

Nikaja kukwambia. Siku ya kwanza ukasema unafua. Ya pili ukasema unakwenda kwa Mwinjilisti kuchukua barua. Leo alasiri ukasema kichwa kinauma na sanduku bado halijafungwa. Nilikutazama nikashangaa kwamba hukujisikia ukileta udhuru. Umecheza karamu ile tangu hujajua kufunga leso. Umekuwa yule wa shamba, umekuwa yule wa ng'ombe, umekuwa hata yule wa mke mpya ukachekesha kanisa zima. Na bado hukujisikia!

Baba yako anasema nikusamehe kwa kuwa unaondoka. Kusamehe nitakusamehe, mimi ni mama yako, sina pa kwenda. Lakini msamaha wangu haukusaidii kitu katika nyumba ya jirani. Na kama utapanda gari kesho bila kupita pale, utakuwa mwalimu, watakusifu, na kila mfano wa karamu utakaowafundisha watoto wa watu huko utakuwa unawadanganya kwa kitabu kitakatifu mkononi. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi. Baridi ya bara haiui mtu.

Basi kesho itakuwa hivi. Baba yako atalibeba sanduku mpaka dukani, pale gari linaposimama. Mimi hutanikuta nyumbani, wala dukani. Usinitafute uani, usiniite. Mihogo nimeshaimenya, imo ndani ya maji. Nazi nimeifua lakini sikuikuna. Utaikuna wewe. Utaitia mihogo chumvi na tui, utaipika mpaka iive, na utaipakua kwenye sahani ile ya maua ya buluu. Nimeiweka karibu na barua hii. Wakila au wasile, hilo ni lao, na usiwaangalie midomo. Babu Salimu akiwapo, mwamkie kabla ya yote, kisha umwambie mwenyewe, kwa mdomo ule ule, nani alichinja na nani alishika. Usimtaje Mwinjilisti zaidi ya inavyolazimu. Usiseme uliogopa mpaka uulizwe.

Mimi nitakuwa nimekaa pale kwa Bi Mwanasha tangu sala ya alfajiri. Ukitaka kuniaga, ndipo nilipo. Kama utaona gari litakuacha, basi nenda, na Mungu akufikishe salama, nasema kwa moyo wangu wote. Lakini hutakuwa umeniaga.

Umealikwa, Priska. Usiniletee habari za shamba, wala za ng'ombe.

Mama yako